Mkono Hausubiri Filimbi

*Barua kwa Mama Sidonie, mkunga wa Kasongo, anayewajibu wasomaji katika gazeti la misioni. Juni 1955.*

Mama Sidonie mpendwa, wewe unayejibu shida za watu katika gazeti letu, naomba unisaidie na mimi, kwa sababu zimebaki wiki tatu tu na jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, halishuki wala halitoki, na nyumbani kwangu hakuna mtu ninayeweza kumweleza lote, utaona mwenyewe kwa nini.

Mimi ni mvuvi wa Nyangwe, nimezaliwa hapa kando ya Lualaba, baba yangu alivusha watu na babu yangu alivusha watu, nami nilisoma kwa mapadri miaka mitatu, ndiyo maana naweza kukuandikia bila kumsumbua katekista. Nina watoto watano. Wa pili, Zéphirin, ana miaka kumi na mitatu na yuko shuleni, na kila mwaka mwezi wa saba shule yao, ambayo jina lake siliandiki, inafanya mashindano ya kuogelea katika mkono wa mto uliotulia nyuma ya kisanga, yaani kisiwa kidogo cha mchanga. Watoto wanatoka ukingo wa huku mpaka kwenye kisanga, na watatu wa kwanza wanapandishwa kamiyo, gari kubwa la mizigo, kwenda Kasongo kushindana na shule nyingine mbele ya wakubwa, wanalala huko siku mbili, wanakula mkate, wanarudi na kaptula mpya, na hakuna mtoto wa hapa asiyeiota hiyo kamiyo.

Sasa, Mama, maji hayo hayajitengenezi. Wanaoyatengeneza ni sisi wazazi, na hakuna aliyetulazimisha wala anayetulipa, tulijitolea wenyewe tangu mwaka wa kwanza kwa sababu watoto ni wetu. Wiki nzima kabla ya siku hiyo tunakata miti na kuipigilia majini huku na huku, tunafunga nyavu kuukuu ili mamba asipite, tunapiga maji kwa makafi ili kiboko ahame kama yupo, tunajenga kibanda cha majani ya michikichi kwa ajili ya wageni, tunafunga kamba ya kuzuia watu wasisogee, na siku yenyewe tunapanga mitumbwi minane kwa mstari mmoja, ili mtoto akichoka njiani apate mahali pa kushika. Sheria ni moja na ilikuwa nzuri: mtoto akigusa mtumbwi, au mtu wa mtumbwi akimgusa, mtoto huyo ametoka, lakini ametoka akiwa hai. Na akina mama wanaamka mapema kupika wali, samaki na sombe ya majani ya muhogo kwa watu wote.

Na tunatendewaje? Mwaka juzi mwalimu Octave, ndiye anayesimamia mashindano, alituagiza tusugue mitumbwi kwa mchanga eti wageni watasikia harufu ya samaki, mtumbwi wa mvuvi, Mama, usiponuka samaki unuke nini, maua? Tukasugua. Wageni wakifika, yaani makarani na watu wenye karata zao za heshima walizopewa na serikali pamoja na wake zao, wanakaa kwenye viti chini ya kibanda tulichojenga sisi, na sisi tukitoka majini tunaambiwa tusimame nyuma ya kamba, juani, nguo zimetuganda mwilini. Chakula kikiiva wanaanza wao, sisi tunafika sufuria zimekwisha kukwanguliwa, tunapata ukoko. Halafu mwalimu anasimama na karatasi ya shukrani, anawashukuru mapadri, anamshukuru bwana aliyetuazima saa, anaishukuru hata ngoma, "ngoma yetu imelia vizuri," ngoma, Mama Sidonie, kana kwamba ilijipiga yenyewe! Sisi neno letu ni moja tu, mwisho kabisa: "Watu wa mitumbwi, musisahau kungoa miti yenu."

Hayo yote niliyameza, kwa sababu mtu hajitolei ili apewe kiti. Lililonivunja uso ni la mwaka jana.

Mwaka jana watoto ishirini na wawili waliingia majini. Mimi nilikuwa katika mtumbwi wa tano, peke yangu. Zéphirin alikuwa wa tatu, anaogelea vizuri, na nakiri kwamba macho yangu yalikuwa kwake. Mara nikasikia mke wangu anapiga kelele toka ukingoni, alipokuwa na sufuria zake, "Yule wa kaputula nyeupe! Iko nakwenda chini! Kamata yeye!" Nikageuka, nikaona kichwa hakipo, nikaona vidole tu, nikamshika mtoto kwapani na kumpakia. Alikuwa Gaston, mtoto wa karani Antoine. Alitapika maji mtumbwini mwangu, midomo imemgeuka rangi, na alipopata pumzi alinishika shati na hakuliachia mpaka tulipofika nchi kavu.

Kwetu hapa kivukoni kuna desturi, hata wasio wa kwetu wanaijua. Mtu akitolewa majini, watu wa nyumbani kwake wanaleta beseni la maji, wanamnawisha mkono yule aliyemvuta, mbele ya watu, huku wakimtaja jina. Hakuna malipo, hakuna kuku, ni kunawisha tu, ili mto usije ukasema mtu wake ameondoka bila kwaheri. Baba yangu alinawishwa mara saba na mpaka anakufa alikuwa anazihesabu. Mimi nilisimama pale nikingoja, mkono nimeunyoosha, na karani Antoine akaja na kravati yake shingoni, nikafikiri anakuja kuomba maji. Akasema, "Mutoto yangu alikuwa anapumuzika tu. Weye umemuibia nafasi yake." Mwalimu Octave akaja nyuma yake anapaza sauti mbele ya viti vyote, "Nani alikutuma kugusa mutoto? Hapa iko mashindano, haiko soko ya samaki!" Zéphirin wangu alikuwa amesimama hapo, amefika wa tatu, maji yanamtiririka, anasikia baba yake anavyogombezwa kama mtu aliyeiba.

Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo. Kesho yake mwalimu aliniita ofisini, karani alikuwepo, na karatasi ilikuwa tayari imeandikwa. Wakasema kama sitatia sahihi, jina la Zéphirin litakatwa. Nilisoma yote, Mama, siwezi kusema sikuelewa. Ilisema: "Mimi, baba wa Zéphirin, nakubali kwamba nilimvuta mwanafunzi Gaston bila lazima na kuvuruga mashindano." Nilimkumbuka mtoto wangu alivyokuwa hajalala kwa furaha ya ile kamiyo. Nikatia sahihi. Gaston akaongezwa kuwa wa nne, wote wakaenda Kasongo. Mke wangu aliponiuliza niliporudi, "Ulijibu nini kule biro?" nikamwambia nilikataa, na yeye akaniambia, "Sawa, ndiyo mwanaume," na tangu siku hiyo akinitazama tu naona aibu.

Nilidhani imekwisha. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mwalimu Octave alitusomea sheria mpya. Mwaka huu hakuna mzazi wa mtumbwi kumgusa mtoto yeyote mpaka yeye mwenyewe, akiwa ukingoni, apige filimbi. Atakayegusa kabla ya filimbi, mtoto wake ataondolewa na yeye hatakanyaga tena pale. Rafiki yangu Asani, ambaye ana watoto wawili katika mashindano, akauliza sheria hii imetoka wapi. Mwalimu akajibu, "Mumoja wenu alikubali mwenyewe, kwa maandishi, kama munawavuta watoto bure." Watu wakaangaliana. Mimi niliangalia miguu yangu.

Sasa wazazi wamekasirika, na Asani ndiye anayewaongoza. Anasema, "Mwaka huu mitumbwi ilale. Waache ile kamba yao ichunge watoto." Wote wamekubali, na wamenichagua mimi, kwa sababu najua kusoma, niende kumwambia mwalimu. Hawajui kwamba karatasi ni yangu. Mwalimu naye amekwisha kusikia minong'ono, amesema mitumbwi ije isije, watoto wataogelea. Na Zéphirin ameniomba jana, "Baba, ukigombana na mwalimu watanikata jina." Halafu Gaston mwenyewe, yule mtoto, akinikuta njiani peke yake ananiamkia, "Jambo, baba," kisha anatazama nyuma kama kuna anayemwona. Amemwambia Zéphirin kwamba siku ile maji yalikuwa yamegeuka meusi.

Jambo moja nimeliapia: sitakaa mtumbwini na mikono chini ya mapaja nikingoja filimbi. Hilo limekwisha. Lakini nikigoma na wenzangu, watoto wataingia majini bila mtu. Nikienda nikavunja sheria, mtoto wangu atalipa. Nikisema, karatasi yangu itatolewa mbele ya watu wote, na Asani, ambaye tumevua pamoja tangu utoto, atajua kwamba nyoka aliyemuuma nilimfuga mimi. Naomba uniambie nianze wapi, na uniambie kwa ukali kama inafaa, mradi unijibu kabla ya siku yenyewe.

Mimi, Baba Zéphirin, Nyangwe.

Mama Sidonie anajibu

Baba Zéphirin, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama.

Nianze na pole, na ni pole ya kweli. Mtu aliyeingia majini tangu alfajiri kwa ajili ya watoto wa wenzake hapewi ukoko. Nayajua hayo, usidhani ni ya wavuvi tu. Miaka ile nilipokuwa nazalisha wanawake kule Wamaza, nilipika siku mbili kwa sikukuu ya watoto wa shule, na wageni walipofika nikaambiwa nipite nyuma ya nyumba kwa sababu kitenge changu kina masizi. Masizi ya sufuria yao! Mpaka leo nikikumbuka natafuta kitu cha kutupa. Wanaopenda kazi yako na hawapendi uso wako wapo kila mahali, na wengine wanasali vizuri kabisa. Kwa hiyo usione aibu kwamba uliumia. Uliumizwa.

Pole imekwisha, sasa vumilia.

Ulitia sahihi uongo. Usiniambie habari ya furaha ya mtoto, kila mzazi ana mtoto mwenye furaha. Mtoto wa mwenzako alikuwa anakufa, ukaandika kwamba hakuwa anakufa, ili wako apande kamiyo na kula mkate siku mbili. Na uongo wa mdomo unaweza kupotea njiani, lakini wa karatasi unakaa sandukuni unangoja, na wako umekwisha kuzaa sheria. Wakati unaandika ulidhani unauza heshima yako peke yako. Kumbe uliuza pumzi za watoto ishirini na wawili.

Tena niseme juu ya hiyo filimbi, kwa sababu mwalimu Octave anasoma gazeti hili na ningependa asome polepole. Mwalimu, mimi nimepokea watoto miaka kumi na tisa. Mtoto anayelia hanipi hofu, huyo ana pumzi. Anayenyamaza ndiye ninayemkimbilia. Majini ni vilevile: anayezama haiti mtu, anaondoka kimya, na wewe uko mbali ukingoni, jua machoni, vichwa ishirini mbele yako, unazungumza na wageni. Utakapoona, utakapotia filimbi mdomoni, utakapopuliza, itakuwa imekwisha. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na wewe karani Antoine, najua uliogopa, baba akiona mtoto wake anatolewa majini midomo imegeuka rangi lazima aogope, na mtu aliyeogopa mbele ya watu hutafuta haraka mtu wa kumgombeza. Lakini mwaka mzima umepita. Hofu yako imekwisha kupoa, na beseni bado halijatoka nyumbani kwako. Mwanao anayajua haya yote, ndiyo maana anaamkia watu kwa kujificha.

Turudi kwako, Baba Zéphirin. Rafiki yako Asani ana hasira ya haki na shauri baya. Mitumbwi ilale, watoto wazame, mwalimu aaibike: huo si mgomo, huko ni kumchapa mwalimu kwa mwili wa mtoto, na mtoto mwenyewe atakuwa wa Asani au wako, kwa maana wa karani uliyenitajia ni mmoja tu. Hasira hasara. Mkitaka kugoma, gomeni mapema na kwa sauti. Mzazi anayekataa amshike mtoto wake mkono abaki naye nyumbani, na amwambie mwalimu hivyo kabla ya siku, siyo asubuhi ile. Lakini watoto wakiwa majini, hata mmoja, hata wa adui yako, mtumbwi wako uwe majini.

Nenda kwa Asani wiki hii. Usingoje baraza lijae, nenda kwake, kaa chini, sema: "Karatasi ni yangu." Atakutukana. Atakuwa na haki, mwache amalize. Akinyamaza msomee karatasi ya pili, ambayo utaiandika kabla ya kutoka nyumbani, na kwa sababu najua utakaa mbele ya karatasi unatafuna kalamu, nakuandikia mimi, wewe nakili: "Mimi, baba wa Zéphirin, nilimvuta Gaston kwa sababu alikuwa anazama. Karatasi ya kwanza ni ya uongo, niliitia sahihi kwa kuogopa. Mwaka huu mkono wangu hautasubiri filimbi." Iandike mara mbili. Moja ya mwalimu, moja ya Padri mkubwa wa misioni, maana karatasi iliyo na mtu mmoja hupotea, iliyo na watu wawili ina adabu.

Halafu nendeni kwa mwalimu wanane, mtu wa kila mtumbwi. Msifoke, msimtukane. Mwambieni mitumbwi itakuja, miti itapigiliwa, nyavu zitafungwa, kama kila mwaka, kwa sharti moja tu: aliye karibu na mtoto ndiye anayeamua. Mtoto akivutwa, ametoka mashindanoni, sheria ya zamani inatosha, na mzazi wake akinung'unika anung'unike akiwa amemshika mwanawe mkononi. Mwalimu akikubali, mshukuruni mbele ya watu, hata kama yeye hajui kushukuru. Akikataa, msipigilie mti hata mmoja, na siku hiyohiyo mzunguke nyumba kwa nyumba mkamwambie kila mzazi, pamoja na mke wa karani Antoine, kwamba maji hayana uzio na wasimruhusu mtoto kuingia. Nataka nione mwalimu atakayeendesha mashindano ya kuogelea na ngoma peke yake.

Na wakimkata jina Zéphirin? Wamkate. Atalia siku mbili, ya tatu ataomba chakula. Ana miaka kumi na mitatu, atakuwa na kamiyo nyingine maishani. Lakini mwaka jana alikuona umegombezwa na umenyamaza, na hilo amelibeba tangu siku ile, ndiyo maana anakuomba unyamaze tena. Mweleze mwenyewe, kabla hajaelezwa na watoto wenzake.

Kuhusu viti, nimecheka na naomba radhi. Nani alijenga kile kibanda? Ninyi. Nani alifunga ile kamba? Ninyi, kwa mikono yenu, fundo kwa fundo, halafu mkaenda kusimama nyuma yake mkalalamika! Mwaka huu ifungeni hatua ishirini nyuma, na kibanda kiongezeeni upande wa pili, mlete vigoda vyenu toka nyumbani, mkitoka majini mkae. Hakuna atakayemwondoa mtu akiwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya majani aliyoyakata mwenyewe, na akijaribu, mtakuwa wanane. Mitumbwi msisugue. Na sufuria moja ya wali na samaki itengwe kabla wageni hawajafika, ya watu wa majini, kwa sababu mtu mwenye njaa anaona mtoto mmoja wakati wamezama wawili. Padri anayechapa gazeti amenikunjia uso hapa, lakini hajafuta.

Nilidhani nimemaliza. Nikarudi kwenye barua yako kutafuta jambo moja, nikalikuta, na hapo ndipo niliposimama.

Unasema ulingoja beseni, mkono umeunyoosha, na beseni halikuja. Nakuhurumia. Lakini hebu niambie, Baba Zéphirin, mkono ulikuwa wako, jicho lilikuwa la nani? Wewe ulikuwa unamtazama mwanao, umekiri mwenyewe. Mtumbwi wa nne haukuona, wa sita haukuona, mwalimu hakuona, karani mwenye mtoto hakuona. Aliyeona ni mwanamke mwenye moshi machoni, ameinama kwenye sufuria za wageni, mbali kuliko ninyi nyote, na katika watoto ishirini na wawili akajua kwamba mmoja amenyamaza. Bila sauti yake ungeivuta maiti. Naye alinawishwa na nani? Umeniandikia kurasa nne. Najua jina la mwalimu, la karani, la mtoto wake, la rafiki yako, na la ngoma ningelijua kama ingekuwa nalo. Yeye umemwita "mke wangu" na wenzake "akina mama," ukapita. Unalia kwamba hukutajwa, na wewe hukumtaja. Tena ukamdanganya, na uongo wako ndio aliokusifia.

Kwa hiyo hapa naamuru, siombi. Siku hiyo akina mama wasiwe wote jikoni. Wanne wasimame ukingoni, kila mmoja na watoto wake wa kuhesabu, watano au sita, asiangalie kingine. Wapike wengine, hata wageni wakila wamechelewa hawatakufa. Mama akipiga kelele, mtumbwi ulio karibu uende, bila kuuliza ni mtoto wa nani. Mwalimu anataka filimbi? Hizo ndizo filimbi, na hazihitaji kupulizwa.

Na leo, kabla hujakwenda kwa Asani, kabla hujagusa kalamu, jaza beseni maji. Mwite mke wako kwa jina lake, mbele ya watoto wote watano, useme alichokiona siku ile, na umnawishe mikono yote miwili. Kisha, maji yakiwa bado yanamdondoka, mwambie habari ya karatasi. Akimaliza kukugombeza, mwende kwa Asani pamoja.